Nyayo Ishirini na Nne

Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa kocha msaidizi wa riadha katika Chuo cha Plum Fork, Nebraska, na sijawahi kupandishwa cheo wala kufukuzwa. Barua yangu ya ajira inasema nafundisha mbio fupi na miruko, "pamoja na kazi nyingine utakazopangiwa." Hizo kazi nyingine ndizo zilizonizeesha. Naendesha basi dogo la timu, nafua jezi, napaka siagi ya karanga kwenye mikate arobaini kila siku ya safari, na mtu akiruka, mimi ndiye ninayesawazisha mchanga kwa reki. Wanariadha wananiita Kocha Reki. Jina langu ni Lowell Hruska, ila sidhani kama wengi wao wanalijua.

Msidhani sikuwahi kukimbia. Enzi zangu nilishika nafasi ya nane katika fainali ya watu wanane, na picha ya siku hiyo iko sebuleni hadi leo. Mke wangu, Darla, ameweka chungu cha maua mbele yake.

Mwaka jana kocha mkuu, mzee Gaylen Ostrander, alitangaza kwamba anastaafu akavue samaki. Mkurugenzi wa michezo, Bi Kolb, akaniita ofisini. Alisema atakuja mwenyewe kwenye mashindano ya kanda mwezi Mei, na timu yetu ya wasichana ya kupokezana vijiti ikiingia tatu bora, atanipendekeza mimi kwa mkuu wa chuo. Nilitoka mle kichwa kimevimba. Nyumbani Darla alipika maharage ya nyama ya kusaga na maandazi ya mdalasini, tukala huku tukichagua rangi ya kuta za ofisi yangu. Yeye alitaka kijani. Mimi niliona kijani hakina mamlaka.

Sasa, watu hudhani mbio za kupokezana ni mbio. Ni utepe. Anayepokea kijiti hana muda wa kukadiria. Anatazama kipande cha utepe kilichobandikwa chini, nyuma yake, na mwenzake akiukanyaga tu, yeye anachomoka bila kugeuka tena. Utepe ukikaa karibu mno, wanagongana. Ukikaa mbali mno, anayepokea anatoka mapema, na kijiti kinamfikia akiwa nje ya mstari wa mwisho wa eneo la kupokezana, jambo lisiloruhusiwa. Umbali wake hupimwa kwa nyayo, kisigino kikigusa kidole. Mkimbiaji wetu wa mwisho, Keondra Pettway wa Omaha, aliyekuwa anamaliza chuo mwaka ule, alikuwa na nyayo ishirini na nne. Miezi mitatu ya mazoezi, hazikumkosea hata mara moja.

Siku yenyewe Keondra alikuwa pia kwenye mruko mrefu, na muda ukambana. Akaniomba nimbandikie utepe wake, ishirini na nne kama kawaida. Nikamwambia aniachie mimi. Nilipima taratibu, kisigino kwa kidole, nikihesabu kwa sauti ili Bi Kolb anisikie kule jukwaani. Nilipomaliza niliupigapiga ule utepe kwa kiganja, kama fundi aliyeridhika na kazi yake.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Wasichana watatu wa kwanza walikimbia vizuri kuliko nilivyowahi kuwafundisha. Brielle, wa tatu, alikuja akiwa nafasi ya pili, akakanyaga utepe, Keondra akachomoka. Brielle akanyoosha mkono, akaukosa mkono wa mwenzake, akanyoosha tena. Kijiti kilifika hatua mbili nje ya mstari. Bendera nyekundu ikapanda. Tukaondolewa.

Keondra alikaa kwenye nyasi, akavua viatu, akalia. Alikuwa akisema ametoka mapema, amewaangusha wenzake katika mbio zake za mwisho. Bi Kolb alishuka kutoka jukwaani, akanishika bega, akaninong'oneza kwamba haya hutokea, msichana amepaniki, kocha hana lawama.

Niliinama kuokota kiatu kimoja cha Keondra nimrudishie, na kwa bahati mbaya nikakiweka karibu na changu. Changu kilikizidi chake kwa upana wa vidole vinne. Zidisha hiyo mara ishirini na nne.

Hakuna aliyejua. Utepe ningeweza kuubandua nikautia mfukoni, nikajifanya hamnazo. Nakiri kwamba nilisimama pale nikafikiria rangi ya kuta, na hata ile kijani ilianza kunipendeza. Kisha nikamwona yule binti anajipigapiga paji la uso kwa ngumi, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

"Keondra," nikasema, "hukutoka mapema. Nilipima kwa mguu wangu."

Akatazama kiatu chake, akatazama changu.

"Kwa hiyo huo ni mguu au mtumbwi, Kocha?"

Gaylen alijifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika. Bi Kolb aliuondoa mkono begani mwangu.

Kazi alipewa kijana wa miaka thelathini na mmoja kutoka Kansas, anayepima kila kitu kwa kompyuta. Ni mtu mwema, jambo linaloniudhi zaidi. Ofisi ameipaka kijani. Mimi bado naendesha basi.

Lakini siku ya mahafali Keondra alinijia kwenye shimo la mchanga, joho limemning'inia, akanipa mfuko wa karatasi na kunikumbatia. Ndani mlikuwa na kiatu kimoja cha mbio, cha kushoto. Msimu huu, msichana anayekimbia nafasi yake akibanwa na muda, napiga magoti na kukisogeza kile kiatu mara ishirini na nne, wageni wakinicheka. Mguu wa msichana huyo ni sawa na wa Keondra, nimehakikisha. Kwenye soli mwenye kiatu ameandika kwa wino mweusi: "Pimia hiki, Kocha Hruska."

Kumbe jina alikuwa analijua.