Jembe la Zamu na Mstari Mwekundu

Mama yangu na mzee wa ng'ambo ya mfereji wamegombana tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, na ugomvi wao ni mmoja tu: maji. Kwetu milimani, upande wa Chawia, nyumba tisa zinamwagilia mashamba kwa mfereji mmoja uliochimbwa na babu zetu. Maji huenda kwa zamu, na alama ya zamu ni jembe. Ukimaliza kumwagilia, unalipeleka jembe kwa nyumba inayofuata, na kuanzia hapo maji ni yao. Anayemletea mama jembe ni huyo mzee, na tangu nimjue hajawahi kulileta kwa wakati.

"Natamani serikali ikuhamishe," mama humwambia. "Ikupeleke mbali na macho yangu."

"Nitakuaga vizuri, mama," naye humjibu, akiondoka taratibu kama mtu aliyekuja kutembea.

Basi, serikali ikasikia.

Mimi nina duka la kutoa nakala na kuchapa karatasi, Voi, si mbali na stendi. Sitaficha tabia yangu: hakuna karatasi inayopita kwenye mashine yangu nisiisome. Siku moja mteja aliniletea rasimu ya mipaka mipya ya wadi, yenye ramani zake, nimtolee nakala kadhaa. Nikatafuta kwetu. Mfereji wetu ulikuwa umechorwa kwa buluu, ukaandikwa mto, na juu yake umepita mstari mwekundu wa mpaka. Mama alibaki Chawia. Mzee, pamoja na nyumba nne za upande wake, alikuwa amepelekwa Wusi.

Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa. Nikampigia mama simu nimtanie kwamba dua yake imejibiwa. Yeye akauliza tu, "Na jembe?"

Hapo kicheko kikanikauka. Mwaka uliotangulia mvua ilibomoa banio letu, pale maji yanapochukuliwa kijitoni. Nyumba zote tisa zilimwendea mwakilishi wetu wa wadi, zikakaa ofisini kwake, zikarudi kukaa tena, hadi simiti ikaletwa. Tukigawanywa, banio litakuwa Wusi, na nusu ya wanaolitegemea watakuwa Chawia. Kila mwakilishi atasema hiyo ni kazi ya mwenzake. Nilimweleza mama hivyo.

"Kwa hiyo mfereji unakufa," akasema.

"Si leo, mama. Hii ni rasimu tu."

"Njoo nyumbani."

Nilisoma ile rasimu hadi maandishi madogo ya mwisho, na hapo ndipo nilipojua kitu ambacho ningepaswa kukijua zamani. Mwananchi yeyote anaweza kutoa maoni kabla mipaka haijapitishwa, kwa maandishi au kwa mdomo kwenye kikao cha hadhara. Tume ya mipaka haiangalii idadi ya watu peke yake. Inaangalia pia ardhi ilivyo, barabara, na namna watu wanavyohusiana. Nikaketi nikaandika kurasa sita. Niliweka maneno makubwa yote niliyowahi kuyachapia wengine, na nilijivuna sana.

Jumamosi nilipanda kwenda nyumbani. Huko habari ilikuwa imeshafika kwenye baraza la chifu, nayo ilikuwa fupi: wanakuja kuweka mipaka. Watu wetu waliielewa kama wanavyoelewa mipaka ya mashamba. Nilimkuta mama kwenye mgongo wa kilima, juu ya nyumba ya mwisho, ameinama anapanda masale, ile mimea ya majani marefu inayotenga shamba na shamba. Na aliyekuwa akimchimbia mashimo ni mzee. Wale wawili! Sikuwahi kuwaona wakifanya kazi moja bila kurushiana maneno.

"Wakija wakute mpaka uko tayari," mama akanieleza. "Wapitishe hapa juu, watuache sote upande mmoja."

"Mama, mpaka wa wadi haupandwi. Unaandikwa."

"Mpaka usiopandwa ni maneno tu, mwanangu," mzee akasema, akanikabidhi miche niisogeze. Nikaisogeza. Ningefanya nini?

Siku ya kikao tulishuka Wundanyi mapema. Nusu ya watu wetu walikuwa wamebeba hati za mashamba kwenye mifuko ya plastiki, wasije wakaambiwa shamba si lao. Mama alikuja na jembe. Askari wa mlangoni akamzuia.

"Mama, silaha haziruhusiwi ndani."

"Silaha gani? Hii ni zamu yangu."

Walibishana hadi foleni nzima ikaungana na mama, na askari, mtu mwenye akili, akagundua kuna kitu cha kuangalia upande wa pili.

Nilisoma kurasa zangu sita. Afisa aliyekuwa mbele, mwanamke mmoja mwenye miwani, aliandika kidogo, akasema asante, akaita mwingine. Nilirudi kitini nikijua kabisa kwamba nimechapa upepo. Nilikasirika, na aliyenikasirisha zaidi ni mimi mwenyewe.

Kisha mama akaitwa. Alienda moja kwa moja kwenye ramani iliyobandikwa ukutani, akaniita nimwonyeshe nyumba yetu iko wapi, akaweka kidole.

"Jumatatu asubuhi jembe liko hapa. Saa sita linaenda hapa." Kidole kikavuka mstari mwekundu. "Jumanne linarudi huku." Kikavuka tena. "Halafu linaenda kwa huyu, halafu kwa yule."

Afisa aliinuka, akachukua kalamu, akaanza kufuata kidole cha mama, nyumba baada ya nyumba. Walipomaliza, kalamu ilikuwa imevuka mpaka kila mara jembe lilipohama. Ukutani palionekana kama mtu ameshona kitambaa kilichopasuka.

"Kwani huu si mto?" afisa akauliza.

"Mto ni wa Mungu, na uko bondeni. Huu tulichimba sisi."

Watu walicheka, afisa naye akacheka. Kisha akauliza kama kuna mtu wa upande wa pili wa mfereji. Mzee akasimama, akavua kofia.

"Huyu mama amenitukana maisha yangu yote," alisema. "Mkinipeleka Wusi, nani huko ananijua hivyo?"

Ukumbi ulilipuka. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama mpini wa jembe, na mimi nikaanza kutafuta kitambaa mkobani nikisingizia mafua.

Miezi ikapita. Siku karatasi za mwisho zilipofika dukani kwangu, nilizitoa nakala kwa haraka hata mbili zikatoka zimepinda. Si kila ombi lilikubaliwa. Kijiji cha jirani kilikataliwa, na nilisikitika kwa ajili yao. Lakini mstari wetu mwekundu ulikuwa umehama kutoka kwenye mfereji na kupanda hadi kwenye mgongo wa kilima. Haukupita juu ya masale yenyewe. Ulipita karibu yake, na nyumba zote tisa zikabaki chini, upande mmoja. Nilifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hata ugonjwa haujawahi kunifanyisha, nikapanda nyumbani.

Mama alikuwa amesimama shambani, mkono kiunoni, anatazama njia. Jembe lilikuwa halijafika. Nilimkunjulia karatasi, nikamwonyesha mstari ulipo na nyumba zilipo. Alijifuta uso kwa leso, akanishika mkono akaubana hadi nikaumia.

Hapo mzee akatokea ng'ambo, jembe begani, mwendo wake ule ule. Alikuwa ameshasikia, habari milimani hazingoji nakala zangu.

"Umechelewa," mama akamwambia.

"Nilidhani nimehamia Wusi."

Mama akampokonya jembe.

"Huendi popote," akamwambia, akainama kufungua maji.