Kamba Kiganjani mwa Mshamu

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Utamaduni wa Wilaya alinipa kinasa sauti cha kaseti, kalamu nyekundu na onyo. Alikuwa mtu mnene, mpole, asiye na haraka hata ofisi ingeungua. "Binti," aliniambia, "ukikutana na neno 'inasemekana', likate. Inasemekana hana jina wala kijiji, mimi nitamhoji wapi?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kazi yetu ilikuwa kukusanya mashairi ya wazee pamoja na wasifu wao, yaani maisha ya mtunzi kwa ufupi. Mashairi hayakunisumbua. Ukijua kuhesabu mizani, zile silabi za kila mstari, utajua palipopotea neno. Wasifu ndio uliotutoa jasho. Watu tuliwagawa mafungu mawili: shahidi wa macho, aliyeona mwenyewe, na shahidi wa sikio, aliyeletewa habari. Wa sikio ndio wasimuliaji watamu zaidi, na hawaishiwi.

Nilihamishiwa Kibiti nikiwa mtu mzima, na huko ndiko nilikojuana na Mshamu Ngwele, mtunzi wa Mtunda, ambaye alikwishafariki. Nampenda mpaka leo, ingawa hatukuonana. Kila mtu alikuwa na lake juu yake. Ati alikuwa na jini, akipiga kelele peke yake shambani. Ati alijitupa mtoni, na kabla ya kujitupa akajifunga kamba asije akaogelea.

La jini nililimaliza upesi. Mpunga ukikaribia kuiva, watu wa bonde la Rufiji huhamia shambani na kukaa kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, wakiamia ndege. Kuamia ni kupiga kelele kutwa ndege wasile mpunga. Wote hupiga kelele, ila Mshamu alipiga kwa vina: "Ndege rudini porini, mpunga si wenu huu!" Majirani zake walinitajia mstari huo wakicheka. Niliuhesabu, mizani imetimia. Kichaa gani huyo?

La mto lilikuwa zito, kwa sababu kulikuwa na mtu lililokuwa likimuumiza. Binti yake, Bi Somoe, alikuwa akiuza vitumbua karibu na stendi ya Kibiti. Alinieleza kwamba katika kila hitima kijijini kwao, majina ya marehemu yakitajwa ili waombewe, la baba yake linarukwa, kwa kuwa ati alijiua.

"Miaka yote hiyo, dada'ngu, nakaa mkekani nalisubiri," alisema. "Wanamtaja hata bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa hasalimii watu. Babangu hapana."

Nilikwenda kwa waliomwosha. Walikuwa wawili, nikamhoji kila mmoja peke yake wasije wakapeana maneno. Wote walisema kamba ilikuwepo, imezunguka kiganja. Uvumi ukaelekea kuwa kweli. Lakini mmoja akaongeza kwamba ilikuwa kamba ya mgono, ule mtego wa samaki wa kusuka. Hapo nikauliza Mshamu alikuwa akivua na nani, nikaelekezwa Ndundu, kwa Mzee Athumani, rafiki yake.

Mzee huyo alinizungusha sana, mara mvua, mara bei ya mchele. Mwishowe akainamisha kichwa.

"Nilimwona kwa macho haya, mama. Kachomeka matopeni pondo lake la kusukumia mtumbwi, kaufunga hapo, kazungusha kamba kiganjani, kainama kuvuta mgono. Akateleza. Tulikuwa tumekunywa tembo tangu asubuhi. Nikataka kuinuka, miguu ikakataa." Akalia. "Ningesema niliona, si wangeniuliza mbona hukumwokoa?"

Nilipomsomea Bi Somoe nilichoandika, alishukuru, kisha akanizuia.

"Tembo litoe, dada. Andika aliteleza tu."

"Tukilitoa, watauliza mtu wa mtoni aliteleza vipi, na aliyeona alinyamazia nini. Watarudi kulekule kwenye kamba."

Aligeuza vitumbua. Kimoja kikaungua, jambo ambalo kwake si kawaida.

"Alikunywa kweli," alisema. "Akirudi amelewa alikuwa ananiimbia mpaka nalala. Haya, andika. Na hilo la kuniimbia usiliache."

"Shahidi wake nani?"

"Mimi. Ingawa macho nilikuwa nimefumba."

Niliandika. Nadhani yule bosi wangu wa kwanza angeniruhusu.

Sasa nimestaafu. Vijana wananiletea uvumi kwenye simu wakitaka niseme kama ni kweli, nami nawauliza lilelile, nani aliona. Wananiona mkorofi, na sijutii.

Wasifu ulipotoka katika kitabu cha wilaya, Bi Somoe alinialika Mtunda kwenye hitima. Wanawake tulikaa ndani, wanaume barazani. Sheikh alipouliza majina, ikasikika sauti ya Mzee Athumani kutoka barazani: "Mshamu Ngwele. Rafiki yangu."

Sheikh akalirudia jina, akaomba dua, watu wakaitikia amina. Bi Somoe, aliyekaa kando yangu, alichelewa. Aliitikia peke yake, wenzake wote wameshanyamaza.