Vitambaa Katika Matundu ya Hewa

Mwezi wa Julai, baridi ya milima ya Kilungu haina adabu. Mwaka ule wa 1984 Ndila alikuwa akishona nguo za watu huku amejifunga leso mbili. Mumewe, Mutunga, mpishi katika hoteli moja ya barabara ya Mombasa, alipata hita kuukuu ya gesi, akaileta ifungwe sebuleni. Hapo ndipo Ndila alipoweka cherehani, na hapo ndipo Kalondu, mama yake Mutunga, alipokaa kutwa.

Fundi Kilonzo ndiye aliyeifunga. Alitoboa ukuta akapitisha bomba la kutoa moshi, mtungi akauweka nje, kisha akatoboa matundu mawili karibu na sakafu.

"Mama, haya usiyazibe hata kidogo," alimwambia Ndila. "Moto nao unavuta hewa. Ukiunyima, unatoa sumu isiyo na harufu. Ukiona mwali umekuwa wa manjano, zima, fungua mlango, uniite."

Ndila aliitikia. Lakini upepo ulipenya mle ukamgandisha vidole penye cherehani, na wiki haikuisha kabla hajayajaza matundu vitambaa. Kalondu akaanza kulalamika kuwa kichwa kinamuuma.

"Ni uzee, mama," Ndila alimjibu bila kuinua macho.

Jumapili moja, mvua ya rasharasha ilimfanya Kalondu abaki nyumbani. Ndila alirudi kutoka kanisani akamkuta amelala upande kitini, anaitwa haitiki. Mwali ulikuwa wa manjano. Aliuzima, akamburuta mkwewe hadi uani, akapiga mayowe. Majirani walikuja na pikapu. Walipokuwa wakimpakia, Ndila alirudi ndani kana kwamba anafuata shuka. Akachomoa vitambaa matunduni, akavificha katikati ya mabaki ya kushonea.

Kalondu alipona, ila mkono wa kulia ukabaki ukitetemeka. Daktari alisema ni sumu ya moto. Mutunga alikagua chumba, akakuta matundu yako wazi, basi lawama zote akamtwika fundi. Habari zikaenea. Mchungaji aliyekuwa akijengewa nyumba na Kilonzo akamsimamisha, na wengine wakafuata. Ndila aliyasikia hayo yote akanyamaza. Akina mama wa kanisa walipomshukuru Mungu kwa ajili yake, eti amemwokoa mkwewe, alishindwa hata kusema amina.

Kisha Kilonzo akaja mwenyewe, bila kuitwa, akawakuta wote watatu sebuleni. Akalitikisa bomba, akachungulia, akatia mkono matunduni. Hakuona kosa. Akavua kofia mbele ya Kalondu.

"Sijui nilikosea wapi, mama. Nisamehe."

Ndila aliweka mkasi chini, akasimama penye cherehani.

"Hukukosea. Mimi niliyaziba. Na siku ile nikaenda nikazibua, watu wasione."

Mutunga alimtazama mkewe kama mgeni. Kalondu ndiye aliyesema kwanza. "Mwiitu wakwa, binti yangu, ulitaka nisipigwe na baridi."

Ndila angeweza kukubali, na mambo yangeishia hapo.

"Hapana, mama. Wewe hukulalamikia baridi hata siku moja. Ni vidole vyangu mwenyewe."

"Siku ile nilipokwambia usiyazibe, ulinisikia?" Kilonzo aliuliza.

"Nilikusikia."

Fundi akavaa kofia yake, akaokota vyombo vyake, akaondoka.

Ndila alikwenda kwa mchungaji akamweleza, kisha akazunguka nyumba kwa nyumba. Mchungaji alimrudishia Kilonzo kazi, lakini wengine walikuwa wameshatafuta mafundi wengine. Kilonzo hakumchukia Ndila, ila walipokutana sokoni alimjibu salamu akiendelea kutembea. Mutunga aling'oa hita, na kwa muda mrefu akawa anazungumza na mkewe kuhusu chakula na shamba tu.

Kalondu alisamehe moja kwa moja, wala hakulitaja tena jambo hilo. Kila asubuhi Ndila alimshikia kikombe cha chai mpaka mdomoni kisimwagike, na kila asubuhi mama yule alimwambia asante. Neno hilo lilimchoma Ndila kuliko tusi lolote. Lakini kikombe hakukiacha mkononi mwa mtu mwingine.