Mayai ya Mdudu Kijiti

Kaa hapa nikueleze, maana wengi huanza kufuga mdudu kijiti kwa hamu, kisha wanakata tamaa bure. Si kazi ngumu. Ni mdudu mrefu, mwembamba. Ukimwona juu ya tawi utadhani ni kitawi kilichokauka. Mpe majani mabichi ya mpera, mnyunyizie maji kidogo jioni, basi. Hata mtu aliyechoka anaweza, na mimi nilikuwa nimechoka.

Mume wangu ni dereva wa lori, na foleni ya Tunduma ilikuwa inamla siku nyingi kabla hata hajavuka kuingia Zambia. Mimi mchana kutwa nipo kwenye cherehani. Nikifunga kazi, sina hamu hata ya redio. Nilikuwa nakaa tu mbele ya boksi la wavu la wadudu wangu, nawatazama wakitafuna polepole. Hawakuniuliza kitu.

Kiangazi kile walikufa kwa uzee, mmoja baada ya mwingine, hadi wakaisha. Lakini jike hudondosha mayai chini, ya kahawia, kama punje za mtama, na huchukua miezi kuanguliwa. Kwa hiyo nilichobaki nacho ni mayai yale, yamechanganyika na kinyesi na majani makavu. Yakipotea, ndiyo mwisho wa kufuga kwangu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka kijijini kwake Hasamba kutibiwa miguu. Hawezi kuona taka akatulia. Nilitoka kununua uzi. Niliporudi nikakuta boksi limefutwa, linang'aa.

"Mama, uchafu wa humu umeupeleka wapi?"

"Uchafu hupelekwa wapi, mkwe? Jalalani. Wadudu wako wamekufa, pole. Sasa unatunza na mavi yao?"

"Kulikuwa na mayai, Mama."

"Kuku wamekushinda, ukafuga vijiti. Kumbe na vijiti vinataga."

Nilikaa kizingitini. Sikuwa na nguvu ya kukasirika. Nikamwambia tu kwamba nyumba ikiwa kimya, wale ndio niliokuwa nashinda nao.

Akainuka akishika ukuta, akasema, "Lete ungo."

Nilishuka jalalani. Bahati nzuri tulikuwa bado hatujachoma taka. Rundo lililotoka boksini lilikuwa juu ya maganda ya viazi. Nikalizoa lote. Mama akaketi kwenye kigoda, akapepeta kama anavyopepeta ulezi kwake, akipumzika kila mara. Majani yakaruka. Kinyesi kikavu ni chepesi, kikasogea ukingoni kikaanguka. Mayai yakabaki kati.

"Haya ndiyo?"

"Ndiyo hayo."

"Nikirudi Hasamba usimwambie mtu nimekuwa bibi wa vijiti."

Basi ukisafisha boksi, usimwage kilicho chini. Kipepete kwanza kwenye ungo, taratibu, kisha yaweke mayai kwenye kopo lenye mchanga wenye unyevunyevu.