Kiti cha Egesa Kimekaliwa na Askari

Jua halijachomoza Majanji, na Egesa Oundo amekwisha kumtukana mkuu wa gombolola, yaani tarafa yao, mara tatu: mara moja kwa Kisamia, mara moja kwa Kiswahili, na mara moja kwa lugha ambayo mkewe anasema haijapata kutoka kinywani mwa Mkristo.

Yuko ufukweni, ameinama nyuma ya baiskeli yake, anafunga matenga mawili ya samaki kwenye karia kwa vipande vya mpira wa tyubu. Goti amelikandamiza kwenye tenga, ncha ya mpira ameiuma kwa meno. Ngege wako chini, mumi wako juu. Katikati yumo kamongo mmoja ambaye bado yu hai, na anaonekana naye ameamka vibaya.

"Vuta," anamwambia mkewe, Loy Nasirumbi.

"Nimevuta."

"Vuta kama unavuta shingo ya yule mtu."

Loy anavuta. Mpira unalia.

Kisha Egesa anafanya jambo ambalo mgeni hulicheka kabla ya kulielewa. Anakunja gunia la katani, analifunga kwa kamba juu ya bomba tupu la chuma, pale ambapo baiskeli ya kila mtu mwingine ina kiti. Gunia hilo ni la kudanganya macho. Akilikalia zaidi ya kidogo, bomba humkumbusha.

Huu ni mwezi wa tatu Egesa anaendesha baiskeli akiwa wima, kutoka ziwani hadi Tororo, kupitia Busia na Mella, na samaki nyuma yake. Mapaja yake yamekuwa magumu kiasi kwamba watu wa Mella wanaapa kuwa juzi alisimama kando ya njia kupumzika, na ng'ombe wawili wakaja kujikuna kwake wakidhani ni nguzo ya simu. Kanisani husimama ibada nzima. Mchungaji amemtaja mbele ya watu kama mfano wa uchaji, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza ukweli.

"Wanacheka," anasema Egesa. "Acha wacheke. Mimi sicheki. Kiti yangu iko gombolola, na mimi niko hapa natembea kama korongo."

Egesa ni mtu wa miaka thelathini na tisa, baba wa watoto watano, na msafirishaji wa samaki tangu aliporudi kutoka Burma vita vilipokwisha. Baiskeli aliinunua kwa fedha za jeshi katika duka la Mhindi mmoja, Busia upande wa Kenya. Samaki huwanunua kwa wavuvi alfajiri na kuwauza Tororo, ambako wafanyakazi wa kiwanda cha saruji hutoka kazini weupe kama mizimu na wenye njaa kama watu. Siku nzuri hubakiwa na shilingi sita au saba. Siku mbaya hubakiwa na harufu.

Mguu wa kulia wa suruali ameufunga kwa kamba usiliwe na mnyororo. Kichwani ana kofia yake ya jeshi. Miguuni amevaa viatu vilivyokatwa kwenye tairi la lori, ambavyo ni viatu na tena ni breki. Maana breki zenyewe za chuma zilichoka zamani, na mipira yake huichonga kutoka soli kuukuu. Rimu ikishika tope, kuzibana ni sawa na kuzibembeleza. Hapo mtu huingiza mguu kati ya fremu na tairi la nyuma, akakanyaga kwa soli, akamwita Mungu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya siku ile aliyonyang'anywa kiti.

Katika gombolola lile, kama katika mengine mengi, kuna desturi. Mtu aliye juu ya baiskeli akikutana na mkuu lazima ashuke, avue kofia, asimame kando mpaka mkubwa apite. Jina la mkuu huyu tunaliacha; mwenyewe atajijua kwa masharubu yake. Hakuna karatasi ya serikali inayoamuru jambo hilo. Lakini karatasi haina kiboko, na askari wa mkuu wanacho.

"Mimi nilikuwa nashuka," anasema Egesa. "Uliza mtu yeyote. Tambarare, nashuka. Hata akiwa mbali, nashuka. Lakini siku hiyo mvua imenyesha, mimi niko kwenye mteremko, na mkuu ako chini kwa daraja na mwavuli."

Mtu asiyepata kubeba samaki hawezi kujua mambo mawili. La kwanza, mzigo wa namna ile ukiuzuia ghafla mteremkoni hukuruka kichwa ukatangulia. La pili, aliyekwisha kushuka hawezi kupanda tena peke yake. Lazima aegemeze baiskeli kwenye kichuguu, au apate mtu wa kumshika karia na kumsukuma mpaka magurudumu yashike mwendo. Majanji anayesukuma ni Loy. Njiani, kila msafirishaji anavijua vichuguu vyake kama anavyowajua shemeji zake. Pale darajani hakuna kichuguu. Kuna dimbwi.

Egesa alikanyaga kwa soli mpaka moshi ukatoka. Alipiga kengele. Alipoona haisaidii, aliachia mkono mmoja wa usukani, akavua kofia, akaiinua juu, akapaza sauti, "Jambo, Bwana Mkuu!" akapita kama gari la posta.

Dimbwi nalo likasalimu kwa namna yake. Kanzu ya mkuu ilikuwa nyeupe.

Mlima uliofuata ndio uliomsaliti. Askari mmoja, Opolot, alimfikia katikati akiwa anahema, akamrudisha. Mbele ya baraza, mkuu alimwuliza swali moja tu.

"Ulishuka?"

"Bwana Mkuu, nilivua kofia."

"Sikuuliza kofia."

Opolot akatumwa kuleta spana. Kiti kikang'olewa watu wakitazama. Hukumu ikasomwa: kitabaki gombolola mpaka mwenyewe aje siku ya baraza, apige magoti yote mawili mbele ya watu, aombe radhi na kushukuru.

Hapo ndipo hasira ya Egesa ilipoanzia, na haijapoa mpaka leo. Kwa Wasamia mwanamke hupiga magoti akisalimia wakubwa, na hakuna anayeliona ajabu. Mwanamume mwenye watoto watano hapigi.

"Kule Burma Mjapani alinipiga risasi hapa," anasema, akifunua bega. "Lakini hakuniambia nipige magoti. Sasa huyu, ambaye vita alisikia kwa redio, ndiye aniambie?"

Mbona hanunui kiti kingine? Kinauzwa palepale Busia. Anapoulizwa hivyo hugeuka taratibu.

"Nikinunua kingine, kile nitakuwa nimempa. Na mimi sikumpa."

Kwa miezi miwili Loy alikuwa upande wa pili wa ugomvi huu. Kila jioni alimkanda mumewe kiuno kwa maji ya moto, na kila jioni alimwambia lilelile.

"Baba Benedeta, hiyo ni ngozi na misumari. Piga goti, chukua kiti, rudi nyumbani. Ardhi haitakuuma."

"Nenda upige wewe."

"Nitaenda!"

Akaenda kweli. Alichukua kuku jike, yule wa madoa aliyekuwa akitaga kila siku bila kukumbushwa, akatembea mpaka gombolola, akapiga magoti, akamtoa. Mkuu alimpokea kuku. Alimpima uzito kwa mkono, akamkabidhi mtumishi. Kisha akasema, "Kuku amefika. Magoti ninayoyataka hayajafika."

Loy akainuka, akatoka nje, na akaiona baiskeli ya askari Opolot imeegemezwa ukutani.

Hapa inafaa msomaji ajue habari ya kile kiti. Loy alikuwa amekifumia vazi la nyuzi nyekundu na kijani, lenye vishada kuzunguka pembeni, na nyuma, panapoonekana na kila anayefuata njiani, alifuma jina lake kwa herufi kubwa: LOY. Mumewe alidhani ni mapenzi. "Ilikuwa mapenzi," anasema Loy, "na pia ilikuwa wanawake wa Tororo wasome."

Kiti kilikuwa juu ya baiskeli ya Opolot. Vazi likiwa palepale, vishada vitatu vimekatika, na jina katikati limeanza kufifia kwa kukaliwa.

Wanaokaa karibu na gombolola wanasema mayowe aliyopiga Loy yalisikika mpaka kijiji cha Mulanda. Wengine wanasema ndege waliacha kiota. Tunalojua kwa hakika ni aliloliuliza, kwa kuwa lilisikiwa na baraza zima.

"Afande! Mimi ni mke wako?"

"Hapana, mama."

"Sasa mbona unakalia jina langu?"

Watu walicheka mpaka karani akafunga dirisha. Opolot mwenyewe, tulipompata, hakuwa na ukali. Ni kijana wa Kiteso mwenye uso mpana, na alizungumza akitazama kwingine. "Mimi nimepewa na mkubwa. Kiti yangu ilikuwa imepasuka. Kwani mimi sina makalio kama watu?" Akaongeza: "Hiyo kuku pia, mimi sikuonja."

Mkuu alitupokea barazani kwake, akiwa amesimama. "Leo wanapita bila kushuka," alisema. "Kesho watapita bila kulipa kodi. Mimi nazuia ya kesho." Tulipomwuliza kama askari ameruhusiwa kutumia mali iliyoshikwa na baraza, alisema mazungumzo yamekwisha.

Tangu siku ile Loy hataki tena kusikia habari ya magoti. Mumewe akidokeza, kwa uchovu tu, kwamba labda yaishe, yeye ndiye anayegeuka moto.

"Yaishe? Lile jina nilipewa na bibi yangu! Ukienda kupiga goti sasa, usirudi hapa. Kaa hukohuko, upike kwa mkuu."

Mpango uliopo ni wake. Ijumaa hii Bwana DC anakuja gombolola kukagua mashamba ya mihogo, na njia ya samaki inapita mbele ya baraza. Kwa kawaida wasafirishaji huizunguka siku kama hiyo. Safari hii watapita wote: watu kumi na wanane wamekubali, Wasamia, Wapadhola na Waiteso, wakiwa na mizigo kamili. Wakifika mbele ya mkuu watashuka. Watavua kofia. Watasimama wima, kimya, njia nzima. Na watabaki hapo.

"Yeye anasema tushuke," anasema Loy. "Tutashuka vizuri sana. Sasa mtu akishuka, nani anamsukuma apande? Askari wake wako wanne. Mbele ya baraza hakuna kichuguu, waling'oa wapate kupanda maua. Wao ndio watasukuma, mmoja mmoja, na Mzungu anatazama. Wasiposukuma, samaki nao wana maneno yao jua likipanda."

Ofwono wa Mulanda, mwenzake Egesa wa njia moja, ndiye wa mwisho kukubali. Alikuja nyumbani kwao kwa mashaka yake.

"Shemeji, na samaki wangu wakioza? Mimi nina watoto."

"Beba za juzi."

Ofwono akafikiri. "Za juzi ninazo."

"Basi, shida iko wapi?"

Si mchezo, hata hivyo. Egesa anajua kwamba akitafutwa mtu wa kufungwa, hatatafutwa Ofwono. Mwaka jana mtu wa Mukuju aliyegoma kulima barabara ya mkuu alikaa jela hadi mavuno yake yakaliwa na nyani. Egesa amekwisha kumwambia binti yake mkubwa, Benedeta, ni mvuvi yupi mwaminifu na yupi hulowesha samaki apate uzito, ikiwa itabidi mama yake anunue bila yeye.

Kama yuko msomaji anayehofia kwamba habari hii itamfikia mkuu kabla ya Ijumaa, na atulie. Gazeti hili hutoka Tororo kwenda kule kwa baiskeli, na anayelibeba wiki hii ni Ofwono. Amesema mnyororo wake una matatizo.

Kumekucha Majanji. Matenga yamekaza. Egesa anaishika baiskeli, anapitisha mguu juu ya fremu, na Loy anakamata karia kwa mikono miwili. Tunamwuliza kitu cha mwisho: kiti kikirudi, atamshukia tena mkuu?

Mkewe nyuma anangoja, miguu imezama mchangani.

"Nataka kukaa," anasema Egesa. "Hilo kwanza. Nikae kwenye kiti changu mpaka nichoke kukaa. Halafu siku nikikutana naye, tambarare, mzigo mwepesi, mvua hakuna, nitamtazama. Kama amenisalimia kama mtu, nitashuka. Kama hakunisalimia, nitapita. Lakini nitaamua mimi."

"Unaongea sana," anasema Loy, na anasukuma.