Mashati ya Bi Kalamu

Kwa miaka kumi na mmoja Bi Kalamu aliandika mchezo wa redio uliosikika kila siku saa kumi na moja jioni. Jina hilo alibandikwa na watu wa studio, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kuchomeka kalamu kwenye nywele kisha kuitafuta ofisi nzima. Mchezo wake ulihusu familia ya fundi viatu, na kilichoufanya upendwe ni jambo dogo tu: watu wa ndani ya mchezo walikuwa wakitazama televisheni kama wasikilizaji wao.

Kulikuwa na tamthilia moja ya televisheni iliyoondoa watu barabarani; ikianza, ilisemekana hata wezi wanapumzika. Bi Kalamu alimfanya mke wa fundi viatu kuwa mfuasi mkubwa wa tamthilia hiyo. Kama jana tajiri wa tamthilia alioa mke wa tatu, leo redioni mke wa fundi viatu angemwambia mumewe, "Ulimwona yule mzee? Meno hana, na bado anatafuta wa kumtafunia." Msikilizaji alicheka, akaamini kwamba fundi viatu na mkewe wanakaa nyumba ya pili kutoka kwake.

Sauti ya mke huyo ilikuwa ya rafiki wa Bi Kalamu, waliyemwita Kinanda. Bi Kalamu ndiye aliyemtoa mapokezi, alikokuwa akipokea simu, akamfundisha kusoma mbele ya kipaza sauti, na baadaye kuandika. Wakawa chanda na pete. Mume wa Bi Kalamu alipoondoka, Kinanda peke yake ndiye aliyeambiwa.

Mume alikuwa ameaga kwamba anakwenda kikazi mji mwingine. Baada ya mwezi habari zikafika kwamba huko ana mke na nyumba. Bi Kalamu hakutaka majirani wajue, wala binti yake, aliyekuwa na miaka kumi. Kwa hiyo kila Jumamosi alitoa kabatini mashati mawili masafi ya mumewe, akayachovya majini, akayakamua, akayaanika uani. Jirani akiuliza, alijibu, "Anarudi mmelala, anatoka hamjaamka." Alifanya hivyo miezi saba, kisha akasema kwamba kazi imemhamishia mbali.

Alimsimulia Kinanda haya ndani ya chumba cha kurekodia, mlango umefungwa, akilia na kujicheka kwa pamoja.

"Dada, hayo yamezikwa hapa hapa," Kinanda alimwambia, akimfuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake.

Miaka mitano baadaye Kinanda alichukuliwa na televisheni, kwenye kundi la waandishi wa tamthilia ile ile. Barua ya kumpendekeza aliiandika Bi Kalamu mwenyewe. Alitafuta sauti nyingine ya mke wa fundi viatu, na kila jina la Kinanda lilipopita kwenye kioo mwisho wa kipindi, alimwonyesha binti yake: "Mama mdogo huyo."

Jioni moja walikuwa sebuleni, yeye na binti yake, pamoja na jirani wa mlango wa pili ambaye televisheni yake ilikuwa mbovu tangu mwaka juzi na hakuwa na haraka ya kuitengeneza. Tamthilia ikaanza. Mwanamke mmoja alikuwa ameinama kwenye beseni, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Kando yake redio ilikuwa ikiunguruma, na kutoka ndani yake mke wa fundi viatu alikuwa akimgombeza mumewe. Mwanamke yule akatoa shati safi, lililonyooka, akalichovya majini, akalianika. "Anarudi mmelala," akamwambia mtu wa ng'ambo ya ua, "anatoka hamjaamka."

Jirani alianza kucheka. Kicheko kikamfia mdomoni. Akachukua kanga yake na kuaga kwamba ameacha kitu jikoni.

"Mama," binti aliuliza taratibu, "yale mashati ya baba?"

Bi Kalamu alizima televisheni.

Kesho yake redioni mkuu wa vipindi alimpokea mlangoni, uso umejaa furaha. "Wametutaja kwenye televisheni! Tangazo la bure hilo, mama." Bi Kalamu alimpita, akaenda kumsubiri Kinanda nje ya ofisi zake mpya.

"Dada, nilidhani utafurahi," Kinanda alisema. "Ni heshima. Wewe si ulikuwa ukitutaja kila siku?"

"Mimi nilitaja yale ambayo kila mtu ameshayaona. Wewe umeonyesha nililokupa ulifiche."

"Lakini nani atajua kuwa ni wewe?"

"Na kalamu ya kichwani uliiweka ya nini?"

Kinanda akatazama viatu vyake. Kisha akasema kwamba kila wiki wanadaiwa kisa kipya, na kichwa kikikauka mtu huchota alipozoea kuchota.

"Ungeniomba," Bi Kalamu alisema. "Ningekataa, lakini ungeniomba."

Jumapili alimkalisha binti yake jikoni, akamweleza yote tangu mwanzo. Binti alikasirika siku nyingi, si kwa sababu ya baba. Alikasirika kwamba mtu wa televisheni alijua kabla yake. Redioni, mke wa fundi viatu hakuitaja tena tamthilia ile. Wasikilizaji waliandika kuuliza kama televisheni ya fundi viatu imeharibika, na Bi Kalamu hakumjibu hata mmoja. Kipindi cha mashati kilirudiwa mara mbili kwa maombi ya watazamaji.

Walikutana tena baada ya miaka mitatu, kwenye foleni ya benki. Kinanda alimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Dada, siku nyingi. Mtoto hajambo?"

Asubuhi hiyo hiyo binti alikuwa amepata barua ya kukubaliwa chuo cha uuguzi, na Bi Kalamu alikuwa bado hajamwambia mtu.

"Hajambo," alisema, akasogea mbele, maana foleni ilikuwa imesogea.