Korongo wa Mama

Mama alipohamia kwangu, mtaa wa Tena, Nairobi, kutoka Magharibi, glakoma ilikuwa imeshamaliza macho yake. Hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu: ashike korongo, yule ndege wa taji aliyejaa kwenye kinamasi chetu kabla hatujakikausha kwa mikaratusi. "Umbo lake linanitoka kichwani," alisema. "Wacha nimshike kabla halijaisha." Nikaagiza sanamu kwa Mutinda, mchongaji Mkamba wa Majengo.

Jumamosi asubuhi nilitoka kwa miguu kwenda kuichukua. Jogoo Road magari hayakuwa yakisonga, na vibarua walikuwa wakiharakisha kuelekea Industrial Area. Juu ya miti walijipanga wale ndege wakubwa wenye vipara, walaji wa taka, wakiyanyea magari bila haya. Nilipita chini yao mbio.

Majengo. Mutinda alifunua gunia akitabasamu. Wueh! Kipara, domo kama panga, mfuko unaning'inia shingoni.

"Mutinda, hiki ni nini?"

"Korongo. Si ni hawa wa Jogoo Road? Huku wote huwaita hivyo."

"Nilisema wa taji, bwana!"

"Nilidhani unakiita hicho kipara taji kwa utani."

Nilipandwa na hasira. Akanipa mjusi aliyekuwa amemchonga: kichwa rangi ya chungwa, mwili buluu, mzuri hata hasira ikapungua. Nyuma yake, ukutani, mijusi halisi walikuwa wakiota jua.

"Chukua huyu basi. Hawa nawaangalia kila siku nikichonga. Huyo wako nimwangalie wapi?"

Mjusi ukimpa ukuta wa mawe umempa nchi. Korongo ukimnyang'anya maji humwoni tena. Lakini uzuri wa mjusi ni rangi, na rangi haishikiki.

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Mutinda akapunguza domo, akaondoa mfuko, kisha akakata nywele za brashi aliyompakia mjusi rangi, akazipanda utosini kwa gundi.

Nilirudi Tena jua likiwa kali, gundi bado mbichi. Mama alimpokea kwa mikono miwili, akampapasa miguu, akampapasa mgongo.

"Huyu amenenepa. Nairobi mnawalisha nini?"

Vidole vikafika kwenye taji, vikatulia. Akacheka, machozi yakimtoka. Nami nilifurahi, sifichi.

Halafu akaanza kupapasa kochi, upande wake wa pili.

"Korongo hatembei peke yake. Mwenzake yuko wapi?"

"Bado anachongwa, Mama," nilisema.